Chungulia na Sauti ya Dada Yake

"Umempa kiti," Chungulia alisema. "Viti vyote vilivyojaa humu ndani, ukachagua kile chenye sponji mpya, ukampa yule."

Dada yake hakujibu, kwa sababu alikuwa na misumari mdomoni. Mafundi makochi wa zamani ndivyo wanavyofanya kazi. Misumari midogo inakaa shavuni, ulimi unausukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, mkono unauchukua, nyundo inagonga. Siku hizi kuna mashine ya pini, lakini Fundi alikuwa na njia yake na hakutaka kuambiwa. Alimaliza upande ule wa kochi, akatema misumari iliyobaki kiganjani, ndipo akageuka.

"Mgeni akija kwa fundi makochi asimame? Watu si watasema viti vyangu vina kunguni."

"Yule si mgeni. Amekuja kununua."

"Basi ni mteja. Mteja ndiye wa kukaa kabisa."

"Amekuja kukununua wewe, Dada."

Mtu mwenyewe alikuwa kijana wa kampuni ya simu, tai imemkaa vizuri, maneno yamemkaa vizuri zaidi. Alikuja siku iliyotangulia, Chungulia akiwa hayupo, akamvika Fundi kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Alisema wakubwa wake wameisikia sauti yake ndani ya ile programu ya mdogo wake, programu inayowasomea watu wasioona maandishi ya kompyuta, na wote wameipenda. Wanataka sauti hiyo ndiyo iwe inawajibu wateja wao kwenye simu. Wao watampa duka la kona, lile la barabarani lenye kioo mbele, jengo ni lao wenyewe, akae humo bila kodi mpaka achoke. Sharti ni moja tu. Sauti isisikike pengine popote. Na popote maana yake na humo kwenye programu ya mdogo wake.

Lile duka Fundi alikuwa analijua kuliko waliolijenga. Yeye kazi yake ilikuwa uani, nyuma ya welda, pembeni ya choo cha wapangaji wote. Mteja mgeni alifika kwa kuelekezwa na watu watatu, na wa tatu alikuwa anaelekeza akiwa anatoka chooni. Kila akipita pale konani Fundi alisimama kidogo, akapanga kwa macho: kochi la watu watatu hapa katikati, viti viwili vikilitazama, na kioo kikipanguswa kila asubuhi. Alishaligawa lile duka lote kichwani, mpaka msumari wa kutundikia mkoba aliujua utakaa wapi.

"Nasaini Ijumaa," alisema.

Chungulia akakaa sakafuni, maana kile kiti cha sponji mpya hakutaka hata kukigusa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwembamba, shati limevaliwa na vifungo vimeruka tundu moja. "Sauti ni yako," akasema. "Siwezi kukukataza."

Hapo ndipo kichwa cha Fundi kilipoanza kuzunguka, na hakikutulia wiki nzima. Kama hawezi kumkataza, anagombana naye kwa lipi? Na kama programu yenyewe ni ya kila mtu, kama alivyomhubiria miaka nenda rudi, wenye kampuni wanakuja kubembeleza nini?

"Si unasema kitu chako kila mtu anaruhusiwa kuchukua? Wachukue basi, waniachie na duka langu."

"Wanaruhusiwa. Hata leo. Ila wakichukua wakatengeneza chao juu yake na kukigawa, ni lazima nacho wakiache wazi ndani, mwingine naye afungue aone, arekebishe, ampe mwenzake. Hilo ndilo hawalitaki. Wao wanataka kufunga."

"Na mimi nahusika vipi na kufunga na kufungua? Mimi si bawaba."

"Wewe hujasaini popote, ndiyo maana wanakuja kwako," alisema Chungulia, na sauti yake ikashuka. "Kila aliyetia mkono kwenye kazi ile, hata yule aliyesahihisha nukta moja tu, nilimwomba ruhusa yake kwa maandishi. Watu ambao sijawahi kuwaona. Wewe sikukuomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe."

Fundi alirudisha misumari mdomoni. Maneno aliyokuwa nayo hayakufaa kusemwa na mtu aliyezaliwa naye tumbo moja.

Ukitaka kumwelewa Chungulia, na dada yake hajamwelewa mpaka kesho, anza na drafti. Alikuwa mtoto wa kuchezea vizibo vya soda juu ya kipande cha boksi, kama watoto wote, lakini uchezaji wake ulikuwa wa kuudhi. Alimwambia mwenzake kila kitu. "Hapa nataka uile hii. Ukishaila napita huku, naila ile yako, naingia kwa king." Mwenzake akibadili mawazo akacheza kwingine, Chungulia hakununa. Alifurahi, akauliza, "Umeonaje hapo? Nionyeshe." Watu wazima walijaribu kucheza naye mara moja moja na wakaacha. Walisema kucheza na mtoto huyo ni kama kuvuliwa shati hadharani. Jina la Chungulia alilipata hapo hapo, kwa kuwa hata alipokuwa hachezi aliinama katikati ya wachezaji kuwachungulia wanafikiri nini, kisha akawauliza.

Shuleni ikawa vile vile. Mwalimu wa hesabu alikuta madaftari ya nusu darasa yana majibu ya namna moja, hadi lile swali lililokosewa likakosewa kwa namna moja. Akauliza nani kamwibia nani. Chungulia akasimama, mtoto wa watu. "Hakuna aliyeiba, Mwalimu. Niliwapa mimi. Na lile la tatu niliwaambia sina uhakika nalo." Wenzake walichapwa kwa kuiga, yeye akachapwa kwa kugawa, kisha akaongezewa kwa kusimama. Mama yao aliposikia alicheka mpaka machozi, halafu akaacha kucheka akamwita binti yake mkubwa. "Huyu mdogo wako umwangalie. Atakuja kugawa mpaka mlango wa nyumba."

Fundi akamwangalia. Yeye alimaliza shule ya msingi, akaingia kwa mjomba wao kujifunza makochi, na Chungulia akaendelea na masomo mpaka akapata kazi ya kompyuta katika ofisi moja kubwa. Alivaa viatu vyeusi. Alikuwa na droo yake. Fundi alipumua, akadhani mambo yameisha.

Ofisini kule kulikuwa na opereta wa simu asiyeona, mtu mpole wa kupenda utani, aliyejua namba za vyumba vyote kichwani. Mabadiliko yalipokuja wakamletea kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, iliyonunuliwa mbali. Ilisoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini Opereta alikizoea kiazi kile. Asubuhi moja programu ikanyamaza. Muda wa kibali ulikuwa umekwisha, na ofisi ilikuwa haijaomba kingine. Opereta alikaa mbele ya mashine bubu kutwa nzima, simu zinaita, hajui ipi ni ya nani. Chungulia akaandika kwa wenye programu. Hakuomba wamwongezee muda. Aliomba wamwonyeshe ndani ilivyo, ili atengeneze na hicho kiazi. Wakamjibu kwa adabu kwamba haruhusiwi hata kujaribu kuangalia.

"Yaani kitu kinanyamaza mbele ya mtu, na kuangalia kimenyamazia wapi ni kosa," alimwambia dada yake siku hiyo, na hakula.

Basi akaanza kuandika ya kwake. Mkuu wake alimvumilia, kisha akamwambia achague kazi moja. Akachagua. Viatu vyeusi vikaisha soli, droo akapewa mwingine, na Chungulia akawa anatengeneza kompyuta za watu mchana na kuandika programu yake saa zilizobaki. Ilipokamilika aliitoa kwa kila mtu pamoja na matumbo yake yote, na sharti lake lile la kuacha wazi. Watu wakaanza kumwandikia kutoka sehemu ambazo Fundi hakuweza hata kutamka. Siku moja alikuja mgeni na begi mgongoni, akamshika Fundi mkono kwa mikono miwili, akaomba kupiga picha sponji. Siku nyingine Chungulia alialikwa kwenye mkutano, akakalishwa mbele, akatambulishwa kuwa ni mwanzilishi. Alirudi na mfuko wa kitambaa na kalamu.

"Mwanzilishi wa nini," Fundi alimuuliza welda, "na hata kitanda anacholalia nilikianzisha mimi?"

Majirani nao hawakumsaidia.

"Hivi mdogo wako anafanya kazi gani?"

"Anaandika."

"Anaandika vitabu?"

"Vitu vya kompyuta."

"Anauza?"

"Hauzi."

"Sasa anakula nini?"

"Anakula kwangu."

Sauti ilikujaje humo? Kwa sababu ya sponji. Programu ilihitaji mtu wa kusoma sentensi nyingi, zikatwe vipande vipande, vipande viunganishwe upya viwe maneno yoyote yale. Na kusoma kulihitaji chumba kisicho na mwangwi. Chungulia alipita vyumba vyote vya marafiki zake akipiga makofi na kusikiliza, mpaka akakumbuka karakana ya dada yake, ilivyojaa sponji toka sakafuni hadi dari. Humo mtu akikohoa, kikohozi kinafia papo hapo. Ilibaki tundu moja la dirisha, na sponji ya kuliziba ilipungua kipande. Fundi akakichomoa kwenye kiti kilichokuwa kinasubiri matengenezo.

Kiti kile kilikuwa cha Opereta. Alikuwa amekileta mwenyewe, kiti chake cha kazini, akalipa kabisa, akaambiwa aje wiki inayofuata.

Walirekodi Jumapili asubuhi, welda akiwa hajafungua. Fundi alisoma mambo ambayo hata mwendawazimu angeuliza maana yake. Ng'ombe saba wamevuka daraja la chuma. Shangazi ameghairi kununua chungwa. Hakuna ghala lisilo na nyasi. Jumapili baada ya Jumapili, na kwa kuwa mikono haikuzoea kukaa bure alikuwa anapigilia kidogo katikati, kwa hiyo kona ya mdomo ikabaki na misumari yake, na maneno yakatokea upande mmoja. Kuna wanawake wana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Ya Fundi ilikuwa ya kumrudisha. Lakini ilisikika, kila herufi mahali pake. Siku ya mwisho alisema, "Haya, mimi nimechoka, zima hicho kidude," akatoka kwenda kufua. Hakuuliza sauti inakwenda wapi. Chungulia hakumwambia.

Jumatano kabla ya ile Ijumaa ya kusaini, Fundi alifunga karakana mapema akaenda ofisini kwa Opereta. Hakutumwa na mtu. Alitaka kusikia kwa masikio yake kwamba hakuna anayeumia, sauti ni sauti tu, watatafutiwa nyingine, naye asaini moyo ukiwa mweupe.

Mlinzi wa getini alimwuliza anakwenda kwa nani na ana miadi gani. Fundi akamjibu. Alimjibu kwa urefu. Alipoingia mapokezi alimkuta Opereta amegeuza uso kuelekea mlangoni, anacheka peke yake.

"Karibu, Fundi. Nimekusikia toka getini. Nikadhani mashine yangu imetoka nje kumgombeza mlinzi."

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, sweta limekunjwa chini yake. Fundi aliliona lile sweta, akatazama pembeni. Kisha akasikia mlio wa ajabu ukitoka kwenye kompyuta, kama nyuki kwenye kopo.

"Ni nini hicho kinachokoroma?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo. Nakusikiliza kwa haraka, nishazoea. Ukisema kwa mwendo wako nitamaliza barua za asubuhi jioni." Akabonyeza mahali, nyuki wakapoa, wakawa maneno. Fundi akajisikia. Alikuwa anasoma ujumbe ambao binti wa Opereta alimwandikia baba yake. Baba yangu mpenzi, nimefika salama, chumba ni kizuri, usisahau dawa ya macho hata kama huoni faida yake, nakupenda sana.

Fundi alipata joto la uso. Maneno yale hajawahi kumwambia hata marehemu mume wake, na hapa anayasema mchana kweupe, tena kwa mtu anayemdai kiti.

"Inatosha," akasema.

"Sikiliza na hii." Opereta akabonyeza tena, na sauti ya Fundi ikataja namba ya simu, mbili mbili, na kituo kidogo katikati. "Zamani ulikuwa unazitaja kama unahesabu mbuzi. Sisi maopereta tunazishika mbili mbili. Nikamwambia mdogo wako. Hakunitengenezea. Alinionyesha mlango ulipo, nikaingia mwenyewe nikabadilisha, nikahangaika nao sana, niliharibu mara kadhaa ukawa unabwabwaja. Sasa maopereta wengine huko waliko wanatumia hiyo yangu."

"Umeingia ndani ya sauti yangu?"

"Kwa ruhusa."

"Ya nani?"

Opereta akafikiri. "Kumbe hata sijui," akasema.

Fundi akaona heri aseme lililomleta. Akamweleza habari ya kampuni na ya duka, lote, mpaka kioo.

"Sasa nikiiondoa?" Fundi aliuliza.

Programu itabaki, na wengine wataitia sauti nyingine siku moja, alisema Opereta, huenda nzuri kuliko hii. Akapapasa sweta lake, akalikunja vizuri. "Kiti kilipokwama kwako nilisema nitakufa kwa mgongo. Sasa nimezoea benchi. Na hiyo nitaizoea, Fundi. Usaini tu."

Hakusema kwa kumchoma. Ingekuwa kwa kumchoma Fundi angejua la kumjibu, majibu ya namna hiyo anayo gunia zima. Alisema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Fundi akaaga. Akiwa mlangoni Opereta alizima mashine akanywe chai, na nyuma yake Fundi akasikia mwanamke mwenye misumari mdomoni akisema, "Haya, mimi nimechoka, zima hicho kidude."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita upande wa pili wa barabara ili asilione duka. Mdogo wake alikuwa ameiba uchovu wake na kuutia kwenye mashine za watu, na watu wanaupenda. Je, hilo ni la kukasirikia au la kucheka? Alijaribu yote mawili njiani, hakuna lililomkaa.

Ijumaa kijana wa tai akaja na karatasi zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Safari hii Fundi alimpa kile cha springi iliyochomoza. Hakukusudia ubaya, kilikuwa karibu.

"Nitakuwa nasema nini humo kwenye simu yenu?"

Kijana akafunua. "Salio lako halitoshi. Namba unayopiga haipatikani. Huduma yako imesitishwa. Tafadhali endelea kusubiri."

"Hakuna hata moja zuri?"

"Kuna 'Karibu', mama. Mwanzoni."

Fundi aliwaza mtaa mzima, kuanzia welda, unavyoitukana simu inapokata. Sasa watakuwa wanamjua wa kumtukana. "Na kesho mkitaka kunisemesha jambo jingine, nitaonyeshwa kwanza?"

"Hayo yanabaki ndani, mama. Ni siri ya kampuni."

"Nataka mstari mmoja ubadilike. Huu wa isisikike pengine. Kuna opereta mmoja, mtu mzima, hana neno na mtu. Yeye aachiwe."

"Karatasi imetoka makao makuu. Haibadiliki."

"Basi nieleweshe kwa nini."

Kijana akamwelewesha. Alisema haki za kipekee, akasema thamani ya chapa, akahama tako moja akakalia jingine kwa sababu ya ile springi. Fundi hakuambulia kitu. Lakini hilo halikumshangaza, kwani hata maelezo ya Chungulia hajawahi kuyaambulia. Kilichomshangaza ni kingine. Chungulia ukimwambia hujaelewa anaanza upya. Ukimwambia tena, anaanza upya kwa mfano mwingine, anachora, anavua kiatu akuonyeshe, mpaka wewe mwenyewe unaomba msamaha. Huyu alipoambiwa mara ya pili "sijaelewa" alitazama saa.

Fundi akazikusanya karatasi, akazisawazisha kama anavyosawazisha kitambaa, akamrudishia.

"Sijaelewa kilichomo ndani," alisema. "Kochi ambalo sijaona ndani yake huwa silipigilii."

"Mama, duka lenyewe linaombwa na watu wengi."

"Najua. Na mimi nilikuwa mmoja wao."

Duka lilikwenda, tena haraka. Akaingia muuza nywele za bandia, na pale katikati, mahali pa kochi la watu watatu, vikapangwa vichwa vya plastiki visivyo na macho. Fundi hakupita upande ule kwa muda mrefu. Asidhani mtu kwamba alijisifu kwa alichokifanya. Alijiona mjinga, na mjinga wa bure ni mbaya kuliko wa faida. Chungulia alipokuja kula aliwekewa sahani kwa kishindo, akala bila kuinua macho, akaosha sahani mwenyewe.

Siku aliyokuja na karatasi mkononi, Fundi alikuwa anakata gunia la kuweka chini ya springi.

"Nimekuandikia ile ruhusa, Dada. Nilipaswa kuileta kabla hujasoma hata neno moja. Nikusomee?"

"Usinisomee. Niulize."

Chungulia akasimama wima, mvi zake zote, kama siku ile mbele ya mwalimu wa hesabu. "Dada, naomba sauti yako. Niiache wazi, kila mtu aitumie, airekebishe, ampe na mwingine."

"Mtu akinisemesha matusi?"

"Anaweza."

"Na wewe huwezi kumzuia?"

"Kwa karatasi hii, siwezi."

"Unasema hivyo na bado unaniomba?"

"Nisipokwambia nitakuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Fundi alikata gunia mpaka mwisho wa alama. "Na akitaka kuiuza hiyo programu, huyo mtu?"

"Auze tu. Mradi asiifunge."

Mkasi ukasimama. "Kumbe inauzika?"

"Inauzika. Ilikuwa inauzika siku zote."

"Sasa wewe kilichokushinda kuuza miaka yote hii ni nini?"

Chungulia alitazama sponji, akatazama dari, akakuna kichwa. Alikuwa anatafuta jibu kweli, dada yake alimwona anavyolitafuta.

"Sikuwahi kufika hapo," akasema mwishoni. "Kila mara kulikuwa na kitu cha kurekebisha kwanza."

Fundi alimtazama mtu huyu ambaye mama yao alimwambia amwangalie. Alimwangalia toka juu mpaka chini, vifungo vimeruka tundu, na hakuona pa kuanzia. Akachukua ile kalamu ya mkutano, kalamu pekee iliyokuwa humo ndani, akasaini. Chaki ya kuchorea vitambaa ikaacha alama ya dole gumba lake pembeni ya jina.

"Na lile la kuchoka ulitoe," akasema.

"Siwezi kulitoa kwa watu wote, Dada. Wengine wanalo tayari. Nikilitoa mimi, wao watalirudisha."

"Wataweza?"

"Liko wazi."

"Toka humu ndani niendelee na kazi."

Akatoka. Fundi akaenda nyuma kabisa ya karakana, akavuta kiti cha Opereta kutoka chini ya mabaki. Fremu ilikuwa nzima. Alikipa gunia jipya, springi zote, sponji nzito isiyobonyea upesi, na kitambaa imara cha rangi ya maji ya kunde, ingawa rangi haikuwa na kazi kwa mwenyewe. Alipokigeuza miguu juu ili apigilie kile kitambaa cheusi cha chini, kile ambacho mafundi wote huweka kufunika walichokijaza humo, hasa waliojaza makaratasi, nyundo ikamgandia mkononi. Kisha akatema misumari yote kiganjani, akakigeuza kiti vile vile kilivyo.

Alikibeba mwenyewe mpaka ofisini. Mlinzi alipomwona na kiti kichwani alifungua geti bila kuuliza.

"Kiti chako," Fundi alisema, akakiweka mbele ya benchi.

Opereta aliinuka kwenye benchi. Akakipapasa mgongo, mikono, mishono, polepole, kama anayemsalimu ndugu aliyerudi safari. Mkono ukashuka chini, ukaingia katikati ya springi, ukasimama.

"Umesahau kitambaa cha chini."

"Sijasahau."

Akakaa. Akajinyoosha. Akaegemea upande huu na upande huu, na kiti kikatoa mlio mdogo, kwi.

"Springi ya kushoto, ya nyuma," akasema Opereta.

"Nimesikia. Nyanyuka nirekebishe."

"Una koleo?"

Fundi akatoa koleo mfukoni mwa aproni. Lakini Opereta hakumpisha. Alinyoosha mkono akalichukua, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akatafuta kwa vidole, akakaza waya mahali alipopataka yeye. Alichukua muda wake. Simu ikaita, akaiacha iite. Fundi alisimama juu yake mikono mitupu, hajui amsaidie vipi wala aiweke wapi.

Opereta akakaa tena. Akaegemea kushoto. Kimya.

Akamrudishia koleo lake kwa upande wa mpini. "Basi, Fundi," akasema, akiokota simu. "Hatudaiani."